Swali Lililogoma Kuhama

Jumatatu, 4 Machi

Limepita. Jedwali langu limepita!

Nimegombana na watu wazima wenye miwani na vyeo, nimeandika waraka juu ya waraka, na leo kikao cha kitivo kimenyoosha mikono. Kuanzia sasa hakuna tasnifu ya elimu itakayokwenda kwenye utetezi kabla sijaipitisha kwenye jedwali. Mada, tatizo, lengo, maswali, nadharia, mbinu, matokeo, hitimisho. Vyote kwenye mstari mmoja, kila kimoja kimshike mwenzake mkono. Kisichoshika mkono, nje.

Nimetoka kikaoni natembea kama bibi harusi. Mwanamke wa hamsini na ushei, magoti mabovu, lakini ngazi nimezipanda mbili mbili.

Shemeji alipinga mpaka mwisho. Huyu ni mdogo wa mume wangu, na Mungu kwa hekima yake amenipa niwe naye nyumbani na kazini. Alisema tasnifu si gwaride. Nikamjibu, mbele ya kikao, kwamba ni kweli, zile anazosimamia yeye si gwaride, ni soko lililoingiliwa na fahali. Mkuu wa kitivo akakohoa. Baadaye Shemeji akanifuata kwenye korido. Akaniomba nisimtukane hadharani, nimtukane Jumapili mezani kama watu wenye heshima zao. Nampenda sana huyu mtu. Nitamtukana kote kote.

Jioni nilimsimulia mume wangu jikoni. Anasoma taarifa ya habari redioni, na sauti ile haivui akifika nyumbani. "Habari zilizotufikia hivi punde," akasema, "zinaeleza kwamba sufuria inaungua."

Ilikuwa inaungua kweli.

Jumanne, 5 Machi

Rundo la kwanza. Raha iliyoje.

Tasnifu moja: mada inazungumzia walimu. Tatizo linalia kuhusu mapaa yanayovuja. Maswali wameulizwa wazazi. Mapendekezo — serikali inunue kompyuta. Kompyuta zimetoka wapi? Hakuna aliyezitaja tangu ukurasa wa kwanza. Zimeingia tu, kama mgeni asiyealikwa harusini, zikakaa meza ya mbele.

Nyingine: nadharia imepambwa sura nzima ya pili, inang'aa, kisha haionekani tena. Mwenye nyumba kafungua mlango, kakaribisha wageni, katoweka.

Nimefunga kamba kutoka dirishani hadi kabatini nikaning'iniza kila kipengele kwa kibanio cha nguo, ili nione nani yuko karibu na nani. Katibu muhtasi akachungulia. "Mama, unaanika nini?" Nikamwambia ninaanika uchafu wa wasomi. Akaniuliza kama nimekula mchana.

Wananiona mkorofi. Sawa. Lakini daktari akimpima mgonjwa macho kisha akampa dawa ya goti, tunamshtaki. Mtafiti wa elimu akifanya hivyo hivyo tunamvisha joho, tunampigia makofi, na mapendekezo yake yanakwenda kukaa juu ya vichwa vya watoto wa watu. Hilo ndilo linalonikosesha adabu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimekutana na tasnifu ya mwanafunzi wa Shemeji. Mwandishi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, anasoma huku anafanya kazi. Nilianza kuisoma nimeshakunja mikono ya blauzi, tayari kwa vita.

Sura ya kwanza ikaninyang'anya silaha. Anataka kujua kwa nini watoto wanaacha kuuliza maswali. Anaandika kwamba wanaingia darasa la kwanza na maswali ya kumchosha malaika — kwa nini namba haziishi, nani alimfundisha mwalimu wa kwanza — na wakifika la tano wamekuwa kama madawati: wapo, wamepangwa vizuri, hawasemi kitu. Nini kimetokea katikati? Nilisoma mara mbili. Hili ni tatizo lenye damu.

Halafu sura ya tatu. Mbinu. Nikaitambua hata kabla ya kugeuza ukurasa. Dodoso la ukoo!

Sisi wa kitivo tunalijua wote, hatulisemi. Shemeji alilirithi kwa msimamizi wake, ambaye naye alilirithi kwa wa kwake. Humrithisha kila mwanafunzi anayepita mkononi mwake, anabadilisha kichwa tu. Ninakubali sana, ninakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Limeshapima mapenzi ya hesabu, usafi wa vyoo, na uongozi wa walimu wakuu. Safari hii wamepewa watoto wa darasa la tano waseme kama wanapenda kuuliza maswali.

Matokeo: karibu wote wanakubali sana. Wanapenda kuuliza. Hawaogopi. Mwalimu huwapa nafasi. Kwa hiyo lile tatizo lenye damu halipo, lilikuwa ndoto. Hitimisho lenyewe limepigwa butwaa, halijui lisimame upande gani. Likawashauri walimu waendelee kuwa na moyo.

Swali na chombo: havishikani mkono. Nimeweka alama nyekundu nikaenda nayo kwa Shemeji moja kwa moja, bila kubisha hodi.

Nilitegemea tupigane. Hakupigana. Akaniambia polepole kwamba huyu mama ameshaongezewa muda mpaka muda wenyewe umechanika. Asipofika kwenye utetezi mwezi huu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanafunzi na miaka yake yote inakwenda na maji. Hakuna kurudi darasa la watoto kukusanya upya.

"Sasa Daktari, wewe na jedwali lako," akasema, "mtamfanyaje?"

Nikachukua tasnifu, nikatoka, nikafunga mlango taratibu. Haijawahi kutokea. Shemeji atakuwa ameandika tarehe mahali.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja kula. Kaka mtu akamtangaza tangu mlangoni: "Mgeni wetu wa heshima amewasili, na kama kawaida, mikono mitupu."

Katikati ya chakula, mdomo umejaa, Shemeji akasema amepata dawa. Matokeo yasiguswe. Libadilishwe swali. Mada iwe "Mtazamo wa wanafunzi wa darasa la tano kuhusu kuuliza maswali darasani." Basi.

Nikaacha kutafuna. Nikaipitisha kichwani mstari kwa mstari. Mada: mtazamo. Tatizo: mtazamo wao haujulikani. Swali: mtazamo wao ni upi? Chombo: dodoso la kupima mtazamo. Matokeo: mtazamo ni mzuri. Hitimisho: mtazamo ni mzuri.

Mungu wangu, vinashikana! Hakuna mkono hata mmoja unaoning'inia hewani.

Shemeji, adui mkubwa wa jedwali, kachukua jedwali langu lenyewe akanifunga nalo goli. Na nikafurahi! Mama wa watu ameokoka, kanuni yangu haijavunjwa, na yule mbishi amekiri kwa kinywa chake kwamba uwiano wa vipengele una kazi. Nikainuka nikacheza na kitambaa cha kufutia vyombo. Mume wangu akashusha sauti: "Na sasa tugeukie michezo."

Tumecheka mpaka chakula kikapoa. Najiona mtu mwema kupita kiasi.

Jumanne, 12 Machi

Mwalimu Mkuu amekuja ofisini na tasnifu iliyobadilishwa. Ndiyo mara ya kwanza namwona. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuita mistari asubuhi. Ukikaa mbele yake unajikuta umenyoosha mgongo.

Nikapitisha jedwali. Tiki. Tiki. Tiki. Sijawahi kuona tasnifu iliyonyooka hivyo. Nikachukua kalamu nitie sahihi, huku nikimsifu, namvika kilemba kirefu.

Hakutabasamu.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Hii sasa inajibu nini?"

Nikamwambia inajibu swali lake, na inalijibu vizuri.

"Si swali langu, Mwalimu. Hili ni swali la majibu." Akaweka mkoba chini. "Mmekuta jeneza limeshachongwa, mkaenda kutafuta maiti wa kulienea."

Kalamu ikabaki hewani. Watu wa kunijibu hivyo kitivoni hawapo. Nikachemka, bila shaka. Nikamwambia mtafiti mkomavu hulikata swali lake likapatana na uwezo wake. Nikamweleza habari ya uwiano kwa kirefu — nilikuwa fasaha, nilijisikia. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mzazi aliyekuja kumtetea mtoto mwizi.

Kisha akasema: "Mimi nina watoto wanaonyamaza. Nikirudi na karatasi inayosema wana mtazamo mzuri, nitaibandika wapi?"

Nikamuuliza, kwa hasira bado, alivyokusanya data. Alifanya nini hasa siku ile?

Akasimulia. Aliingia darasani, akagawa dodoso. Akawasomea maelezo kwa sauti, polepole. Yalikuwa magumu, hata yeye "sina uhakika" ilimsumbua: mtoto atajuaje kwamba ana uhakika kuwa hana uhakika? Alipomaliza akawauliza kama kuna mwenye swali.

Kimya. Darasa zima. Hakuna mkono hata mmoja.

"Halafu?"

"Halafu wakainama, wakatia tiki kwamba wanapenda sana kuuliza maswali."

Nilimtazama. Naye akanitazama. Sijui nani alianza. Nilicheka mpaka nikashika meza, machozi yananitoka, na yeye mkono umemziba mdomo, mabega yanaruka. Katibu muhtasi akafungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu kama mtu aliyekosea wodi.

Huo ndio utafiti! Ameushuhudia kwa macho yake, mbele ya darasa, kwa sekunde zile za kimya, kisha akakaa chini kuhesabu tiki.

Sijatia sahihi. Nimemwambia arudi nyumbani, tasnifu zote mbili azihifadhi, ya zamani na mpya. Nimerudi kwangu nikipiga mluzi. Mume wangu akauliza nimekula nini.

Jumatano, 13 Machi

Ugomvi na Shemeji. Mtamu! Mlango wazi, wahadhiri wanapita polepole kuliko kawaida.

Nikamsimulia kile kimya. Alicheka, nakiri, alicheka vizuri. Kisha akakunja uso wa kazi.

"Lakini si data, Daktari."

"Si data vipi? Darasa zima lilinyamaza!"

"Kunyamaza kwao kuko sura ya tatu? Kuna chombo cha kupimia? Kuna mahali aliandika kwamba ataangalia nani ananyoosha mkono?" Akafungua droo, akatoa waraka wangu mwenyewe, akasoma kwa sauti ya kaka yake kabisa: "Hakuna tokeo lisilo na mbinu yake."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia, na maji yalikuwa baridi.

Nikakaa. Nilipotaka kusema yeye akasema, nilipotaka kusimama akaniambia nikae, shemeji yangu mwenyewe. Ikanijia nikiwa nimekaa hivyo, nimenuna. Nimekuwa nahubiri uwiano kama ni wote kukubaliana. Sivyo! Kushikana mkono si kuvaa sare. Swali libaki la zamani. Dodoso libaki, alilitumia kweli. Matokeo yabaki, ndiyo yaliyopatikana kweli. Hitimisho ndilo lilikuwa linadanganya. Hitimisho liseme: niliuliza hivi, nikatumia chombo hiki, kikanipa jibu hili, na siliamini, kwa sababu hii. Kile kimya kiingie pale, bila kujifanya tokeo. Kiwe sababu ya kutoliamini tokeo. Kila kipengele kinasema ukweli kuhusu jirani yake. Mstari hauna tundu!

Nilimweleza hivyo nikitembea huku na huku, nikaangusha kikombe chake.

Shemeji hakukiokota. "Kwa hiyo unataka mwanafunzi wangu asimame mbele ya mtahini wa nje atangaze kwamba dodoso langu ni bovu."

"La ukoo."

"La babu zangu wa kitaaluma."

"Wote marehemu. Hawatasikia."

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelipima. Ile ya mtazamo inapita, macho yamefumbwa. Hii nyingine, mtahini akiwa na moyo mgumu atasema utafiti umeshindwa, mwenyewe kakiri. Mama wa watu atafutwa. Wewe utabaki na jedwali lako na mimi nitabaki na aibu yangu, yeye atabaki na nini?

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake nikaokota kikombe. Tumekubaliana achague mwenyewe. Atakayoileta, wote wawili tutatia sahihi.

Ijumaa, 15 Machi

Ameleta ya zamani. Hitimisho jipya, kurasa chache, safi kama maji. Hajakaa hata kidogo.

Nikamuuliza kama anajua anachokihatarisha. "Mwalimu, darasani kwangu nawaambia watoto kila siku, afadhali uulize uchekwe. Sasa mimi mkubwa wao nikikimbia?"

Nimetia sahihi. Shemeji naye, alishika kalamu kama ina uzito wa jembe. Akamwambia: "Ukianguka, mimi nitakuwa chini yako. Hutaumia."

"Nina kilo nyingi, Daktari," Mwalimu Mkuu akasema.

Jumatano, 20 Machi

Naandika chumbani mwa utetezi, jopo likiwa kwenye mapumziko.

Mtahini wa nje ni yule tuliyemwogopa. Bonge la mtu, koti zito, tai imebana, hasemi. Mwaka juzi aliwarudisha wawili nyumbani kabla ya chai. Mwalimu Mkuu alipokuwa akiwasilisha, yeye aliangalia dari. Mkuu wa kitivo akawa ananiangalia mimi. Shemeji akawa anaangalia viatu vyake.

Kisha mtahini akafungua mdomo. Kwamba amesoma tasnifu nyingi zinazojisifu. Hii ni ya kwanza inayojikana. Kwa nini mama huyu amemletea chombo ambacho yeye mwenyewe hakiamini?

Nilifungua mdomo nimtetee, kwa mazoea tu. Shemeji akanikanyaga chini ya meza.

Mwalimu Mkuu akasema: "Kwa sababu ndicho nilichopewa, na nilikitumia kwa uaminifu, na ndicho kilichonionyesha kwamba hakifai." Akamsimulia siku ile. Maelezo, swali lake kwa watoto, kile kimya, vichwa vilivyoinama, tiki. Hakuweka chumvi. Hakuomba huruma.

Mtahini hakucheka. Akauliza kama angepewa nafasi nyingine angefanyaje. Mwalimu Mkuu akasema angekaa nyuma ya darasa muda mrefu na asingegawa karatasi yoyote mpaka watoto wamsahau. Mtahini akafunga tasnifu. Akasema, vyema, atoke tujadili.

Akatoka. Na hapo ndipo tulipaswa kupiga kura. Mwanajopo mmoja amekwisha kusema utafiti umeshindwa, kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, na hata jedwali la Daktari hapa haliwezi kuupitisha. Nikamwambia Daktari hapa ndiye mwenye jedwali na atamwonyesha linavyosomwa, kipengele kwa kipengele, asubuhi mpaka jioni akipenda. Mkuu wa kitivo akaomba adabu. Mtahini hakusema upande wowote. Alisema anakwenda msalani mara moja, akirudi tupige kura.

Hajarudi.

Mlango ameuacha wazi kidogo. Nilipo mimi naona benchi la korido. Mwalimu Mkuu amekaa, mkoba mapajani. Mtahini amekaa karibu naye, koti amelivua, limelala kwenye ukingo wa benchi. Mwanzo nilidhani anamwandaa kwa habari mbaya. Lakini anayezungumza ni yeye mama, na mikono yake inachora darasa hewani, huku mlango, huku ubao, huku watoto. Mtahini akaingilia kati, sikusikia neno gani. Nilichosikia ni sauti ile ya kuita mistari, wazi kabisa: "Subiri kwanza, hilo sijalimaliza."

Naye akasubiri! Mtu yule. Amekaa, magoti pamoja, anasubiri.

Hapa ndani saa ya ukutani inasikika. Mwanajopo mbishi anapiga meza kwa vidole. Mkuu wa kitivo amesema mara ya pili kwamba kuna utetezi mwingine unaofuata, mtu aende amwite mtahini tupige kura, jambo liishe. Kaangalia meza nzima. Sasa ananiangalia mimi, maana inajulikana kwamba mimi siogopi kumkatiza mtu yeyote.

Mimi naandika. Nimeinamia karatasi na naandika kwa bidii sana, kila kinachonijia, ili nionekane nina shughuli ya kamati isiyoweza kuachwa, mpaka mama yule amalize. Shemeji amenitupia jicho. Ametazama mlangoni, akatazama ukurasa wangu. Naye ametoa kalamu mfukoni, anaomba karatasi, anasema kuna jambo lazima aliandike kabla hajalisahau, na hakuna hata mmoja wetu anayekwenda mlangoni.